Taifa Moja, Upana Mmoja

Wakikuambia kwamba nchi ya Sambamba haipo, usibishane nao. Ni kweli haipo. Haimo kwenye ramani, haina jirani, na raia wake hawana pa kupeleka malalamiko, maana nani atamsikiliza mtu wa nchi isiyokuwepo? Basi na tuyaseme ya huko bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna wa kukasirika.

Huko Sambamba alikuwako mkaanga bagia aitwaye Siwema. Nyumba yake ilikuwa na mlango, lakini tangu ulipobandikwa haujawahi kupewa kazi. Watu waliingia kununua bagia za kwenda nazo, wakaishia kuzilia humo humo, wakaomba chai, wakaomba mkeka. Akiachwa mtu, akiposa mtu, akifilisika mtu au akiota kwamba amekuwa waziri, habari ilipitia kwanza kwa Siwema, ikakaangwa, ikageuzwa upande wa pili, ndipo ikaruhusiwa kwenda mjini.

"Nyumba isiyo na watu," alizoea kusema, "ni kaburi lenye madirisha."

Mumewe, Mbaruku, alikuwa mpole wa maneno machache. Wanawake wa pale walimtania kwamba Siwema alikubali kuolewa naye ili asikose msikilizaji hata siku ya mvua. Mbaruku hucheka tu. Akirudi jioni akakaa kwenye kigoda chake, huchomoa kisigino cha kushoto bila kukivua kiatu chote, akakisugulia kwenye muundi wa mguu wa kulia. Siwema hakuhitaji neno zaidi. Maana yake ni: nimefika, sitoki tena, lete chai.

Lakini kazi ya Mbaruku ilikuwa kubwa kuliko mwenyewe. Mbaruku alikuwa Mlainishaji wa Taifa.

*

Inasimuliwa kwamba siku Sambamba ilipopata uhuru, Mtukufu Kiongozi alivaa buti mpya. Ngozi mpya haijui itifaki. Ikamuuma, naye akachechemea mbele ya gwaride. Jeshi lilipoona hivyo likadhani huo ndio mwendo wa nchi huru, likachechemea nyuma yake uwanja mzima, mguu wa kushoto. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mpaka leo, kila sikukuu ya uhuru, jeshi la Sambamba huchechemea kwa mguu wa kushoto, na askari anayetembea sawasawa huwekwa ndani kwa kosa la majivuno.

Tangu hapo ikaamriwa kwamba kiatu kisiuguse mguu wa Mtukufu kabla hakijaliwa ukali wake na mguu wa mtu mwingine. Lakini si mguu wowote. Ulitakiwa mguu pacha. Ikaundwa Wizara ya Miguu, Hatua na Mwelekeo, na wapimaji wake wakatawanywa nchi nzima na vibao vyao. Walipima jioni, kwa sababu mguu wa asubuhi ni mwongo: haujabeba kitu bado. Walipima miguu yote miwili, maana hakuna binadamu aliyezaliwa na miguu ya kufanana. Walipima urefu, kisha upana pale mguu unapotanuka nyuma ya vidole. Ndipo wakampata Mbaruku: wa kulia mrefu kidogo, wa kushoto mpana kidogo, na kidole cha mwisho cha kushoto kimempanda mwenzake kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Mtukufu naye alikuwa hivyo hivyo, kidole kwa kidole.

Viatu vya Mtukufu vikawa vinalainishwa popote Mbaruku alipokwenda, hata msalani. Jioni Siwema aliinama kuvikagua, kwa mapenzi tu, wala hakuna aliyemtuma. Alibonyeza kidole gumba mbele, kuona kama vidole vya mumewe vina pa kupumulia. Alipenyeza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimisha, basi. Mwisho hufinya ngozi ya juu: ikikunjika sana kiatu ni kipana mno, isipofinyika kabisa ni chembamba.

"Mtukufu ana bahati," husema. "Mke wake hamfanyii hivi."

"Shh!" Mbaruku hujibu, akitazama mlangoni, pale palipokuwa wazi siku zote.

*

Raha hiyo ingeishia kwao, lakini Mheshimiwa Kitwana, Waziri wa Miguu, alikuwa mtu wa kufikiri, na nchi haina balaa kubwa kuliko waziri anayefikiri. Akaitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Maadui zetu wametuletea viatu vyembamba, vya wastani na vipana. Leo upana, kesho je? Nauliza, taifa moja litasongaje mbele kwa mapana matatu? Urefu ni majaliwa ya Mungu, hilo serikali haiingilii. Lakini upana, ndugu zangu, upana ni ubinafsi! Kuanzia leo kiwanda cha taifa kitashona upana mmoja tu, upana wa Mtukufu. Taifa moja!"

"Upana mmoja!" umati ukaitikia, ukipiga makofi kwa miguu iliyokuwa bado na nafasi.

"Na atakayebanwa?" aliuliza mwanamke mmoja wa mbele. Huyu alikuwa Tausi, jirani na shoga wa Siwema, muuza samaki aliyejaliwa miguu mipana kama kasia.

Waziri akatabasamu. "Mama, serikali yako haina ukatili. Atakayebanwa atachukua kirefu zaidi."

Sasa kila aliyewahi kubanwa anajua kwamba kiatu kirefu si kiatu kipana. Ukiongeza urefu, ubavu unabaki pale pale ukikutafuna, na mbele panabaki nafasi ya kufugia kuku. Ila amri ni amri. Sambamba nzima ikawa inatembea na viatu vinavyotangulia mwenye navyo kwenye kona. Watu walitaka kuzijaza ncha zile kwa magazeti, lakini kila ukurasa wa gazeti ulikuwa na picha ya Mtukufu, na kumshindilia Mtukufu ndani ya kiatu ni uhaini. Wakashindilia matambara. Malengelenge yakawa ugonjwa wa taifa. Watoto wa Sambamba walijifunza kuyasoma kabla ya kusoma vitabu: hili la jana, hili la juzi, hili limepasuka leo.

Mume wa Tausi alivaa kiatu kirefu kuliko kipimo chake cha kawaida. Siku msafara wa Mtukufu unapita alikuwa anavuka barabara. Ncha ya kiatu ikakunjika chini yake, akaanguka, na msafara, ambao kwa mujibu wa sheria hausimami, haukusimama. Tume iliundwa. Tume ilichunguza. Tume ikagundua kwamba marehemu alijikanyaga kwa makusudi.

"Dada Siwema," Tausi alisema msibani, macho makavu kama dagaa wa kwenye mkeka, "hata viatu wamemnyang'anya. Wanasema ni ushahidi."

Siwema akamsogezea bega.

*

Mwaka mmoja hivi baadaye, Mbaruku alirudi nyumbani anatembea kama bata. Siwema akainama kumkagua viatu, kidole chake cha shahada kikaingia nyuma ya kisigino na kuacha nafasi ya kidole cha pili. Ngozi ya juu ikafinyika kama shavu la bibi kizee.

"Wamekosea?"

"Hawakosei," Mbaruku akanong'ona. "Wamebadili kalibu." Kalibu ni ule mguu wa mbao ambao kiatu hushonewa juu yake. "Mimi wameniambia nile chumvi, na nisimame kutwa, mguu uvimbe ujaze."

Siku ile ile redio ikatangaza kwamba Mtukufu, kwa kusikia kilio cha wanyonge, ameupanua upana wa taifa. Watu walicheza barabarani. Tausi aliingia akirusha viatu vyake vya zamani hewani.

"Ametusikia! Jamani, ametusikia! Vidole vyangu leo vimeamkiana!"

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Siwema naye alipiga kimoja, lakini kilikatika njiani. Alikuwa amemuuguza mamaye mzazi. Mama yule alianza kwa kuomba viatu vikubwa zaidi, kisha kandambili, kisha akawa hana kinachomwingia. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo lilibaki limekutazama. Siwema alijua mguu unaopanuka ghafla utu uzimani unasema nini juu ya moyo na figo.

Upana ukaongezwa tena. Ukaongezwa mara nyingine. Shangwe ilipungua, maana sasa hata Tausi alikuwa anaogelea, na taifa zima likawa linaburura, shwa, shwa, shwa, kama watu wanaofagia nyuma yao wasionekane walikopita. Viatu vya Mtukufu vikawa vinarudishwa kwa Mbaruku kupanuliwa upya. Siku moja Mbaruku akamwita mkewe jikoni, akakigeuza kiatu kimoja juu chini.

"Tazama soli."

Ilikuwa safi kama sahani.

"Tazama na juu, hapa vidole vinapokunjia. Ngozi haina hata mkunjo. Siwema, hiki kiatu kimevishwa mtu. Hakijatembewa."

"Mtukufu hatembei?"

"Mtukufu," Mbaruku akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtu anayezungumza na sufuria, "sidhani kama yupo."

Habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia nyumba ile, na ndiyo pekee isiyoweza kukaangwa. Siwema aliifungia ndani. Akaapa hatasema neno juu ya Mtukufu, wala juu ya upana, wala juu ya viatu kabisa, ili ulimi usije ukateleza. Mazungumzo yakifika miguuni, aliyahamishia kwenye vitunguu.

"Una nini wewe?" Tausi akamuuliza. "Umemeza kufuli?"

"Meno yananiuma."

Pale kwenye mkeka, siku zote, hukaa Bwana Masudi, mla bagia za watu wawili, mtu ambaye kazi yake haikujulikana, yaani ilijulikana. Nyumba yote ilimzoea. Walimwekea hata mto. Masudi alikuwa amewahi kusikia humo matusi ya kila aina juu ya viatu vya serikali na hakuyapeleka popote, kwa sababu kila nyumba ilitukana. Lakini sasa alisikia kitu kipya. Alisikia nyumba ya mke wa Mlainishaji haisemi lolote juu ya viatu. Akafuta mafuta vidoleni, akaaga kwa adabu, akaenda kuripoti kimya hicho.

*

Mheshimiwa Kitwana alikuja mwenyewe, mchana kweupe, na shada la maua.

"Shemeji," akamwambia Siwema kwa upole wote wa dunia, "taifa linamhitaji mumeo kwa karibu zaidi. Atakaa Ikulu. Ni heshima."

"Kwa muda gani, Mheshimiwa?"

"Heshima haina muda, shemeji."

Mbaruku alikuwa amesimama katikati ya askari wawili, viatu vikubwa vya Mtukufu mguuni. Alichomoa kisigino cha kushoto, akakisugua kwenye muundi wa kulia, huku akimtazama mkewe. Kisha wakamchukua.

Tangu siku ile Siwema alikuwa na jambo moja tu maishani: mume wake arudi. Alikwenda Wizara ya Miguu akaambiwa aende Ikulu. Alikwenda Ikulu akaambiwa Ikulu haina mtu mwenye jina hilo, ila kama anataka anaweza kuacha bagia. Akaziacha. Kesho yake akaacha nyingine.

Wiki hiyo hiyo televisheni ya taifa ikaanza kumwonyesha Mtukufu akichapa kazi. Ilimwonyesha chini ya meza. Mtangazaji alieleza kwamba uso wa Mtukufu umechoshwa na kutazamwa, na kwamba kiongozi wa kweli hujulikana kwa miguu yake. Basi kila siku, saa ya habari, Sambamba ilitazama jozi ya viatu vipana chini ya meza ya mninga, huku sauti ya zamani ikisoma hotuba ya zamani.

Jioni ya kwanza nyumba ya Siwema ilikuwa imejaa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na televisheni kubwa. Wageni wakatafuna. Viatu vikatulia. Kisha kisigino cha kushoto kikachomoka polepole, kikapanda kusugua muundi wa kulia.

Bakuli la unga likamtoka Siwema mkononi.

"Eh!" Tausi akashangilia. "Mtukufu mzima wa afya! Tazameni anavyojikuna! Na watu walikuwa wanamzulia!"

"Mzima," Siwema akasema, machozi yakimtiririka. "Mzima kabisa. Jamani, kuleni, leo bagia bure!"

"Hivi wewe Siwema umempenda lini Mtukufu kiasi hiki?" akadakia mmoja.

"Tangu aliponichumbia," akajibu, na nyumba ikaanguka kwa kicheko.

Ikawa hivyo kila jioni. Nchi ilitazama viatu ikahakikishiwa kwamba ina kiongozi. Siwema alitazama viatu akahakikishiwa kwamba ana mume. Maadamu kisigino kile kinachomoka, Mbaruku anapumua. Alichemsha chai kwa saa hiyo, akaiweka mbele ya televisheni, ikapoa hapo. Masudi alikuwa akiitazama chai ile, kisha akimtazama mwenye chai. Hakuripoti. Labda hakujua aipe jina gani.

*

Ikaja Ijumaa ambayo televisheni haikuonyesha viatu. Ilionyesha ua, na ngoma ya msiba. Mtukufu amefariki dunia asubuhi hiyo, akasema mtangazaji, akiwa kazini. Atakayeshika hatamu, kwa kilio cha wananchi, ni Mheshimiwa Kitwana.

Wajuaji walisema baadaye kwamba wakubwa walikuwa wamegombania kiti miezi yote ile, na sasa wameelewana. Mimi sijui, na nchi yenyewe haipo. Ninachojua ni mila ya huko: Mtukufu akifa, uso hufunikwa, kwa sababu taifa halipaswi kumwona kiongozi wake amefumba macho. Miguu huachwa nje ya sanda, ndani ya buti za gwaride, na raia hupita mmoja mmoja kuigusa. Sasa yule mzee wa kweli, mwenye uvimbe, alikwisha kuwa hana buti ya kumwingia, na alikuwa amelala kwenye barafu tangu lini sijui. Serikali haiwezi kujipinga. Miguu iliyoonekana hai jana kwenye televisheni ndiyo inayopaswa kuonekana imekufa leo.

Siwema hakulia Ijumaa, wala Jumamosi. Alikaa kwenye kigoda cha Mbaruku.

"Sasa si watamrudisha," alimwambia Tausi. "Kazi imekwisha. Mtukufu hayupo, wa nini tena?"

Tausi hakuwa ameambiwa kitu, lakini alikuwa na macho, na alikuwa ameiona chai. "Kesho twende tukapite pamoja, dada," akasema. "Nitakushika mkono."

Jumapili walipanga foleni uwanjani, ule wa kuchechemea. Taifa lilikuwa linaburura kuelekea kwenye jeneza, shwa, shwa, shwa. Mbele yao kulikuwa na wakubwa wa mtaa. Nyuma yao, kwa heshima ya kuigiza unyenyekevu, alikuwa mke wa Mheshimiwa Kitwana, aliyekataa kupitishwa mbele kwa kuwa kamera zilikuwa pale.

Siwema akafika.

Buti zilikuwa mpya, nyeusi, zinang'aa. Na zilikuwa nyembamba. Kiwanda kilikwisha kupokea kalibu mpya, ya Mtukufu mpya, ambaye mguu wake ni mwembamba kama mwiko. Ubavuni mwa buti ya kushoto, pale kwa kidole cha mwisho, ngozi ilikuwa imetuna kivimbe kidogo, kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Kidole gumba mbele: hakuna nafasi. Akafinya juu: haifinyiki. Akapeleka kidole cha shahada nyuma ya kisigino, na kisigino hakikumruhusu.

"Mama, gusa upite," akasema askari.

"Mwanangu, zinambana."

"Nini?"

"Buti. Zinambana mguu wa kushoto. Hawezi kwenda popote nazo hivi."

"Marehemu habanwi, mama. Pita."

Siwema akapiga magoti. Kwa vidole vilivyozoea kazi hiyo, akaifungua kamba ya buti ya kushoto, tundu kwa tundu, akailegeza, akainuka. Tausi alikuwa amegandana naye kama kupe. Naye akainama, akalegeza kidogo. Askari akafungua mdomo. Lakini aliyefuata alikuwa mke wa Mtukufu mpya, na mke wa Mtukufu mpya, alipoona wawili wameinama na kamera zinamtazama, alidhani ndiyo mila. Akapiga magoti katika gauni lake jeusi, akalegeza kamba kwa madaha.

"Na hapa tunaona," sauti ya mtangazaji ikasikika kwenye vipaza sauti, ikihaha kisha ikituama, "tunaona ile mila yetu kongwe, ya kumlegezea Mtukufu kamba, ili aende salama."

Basi tena. Foleni yote ikapiga magoti, kila mmoja na tundu lake, kama lilivyowahi kuchechemea jeshi. Kabla ya adhuhuri kamba zilikuwa zimekwisha, na aliyefuata, kwa kuogopa kuonekana hajafanya kitu, akaivua buti yenyewe. Mwingine akaivua ya pili. Miguu ya Mtukufu wa Sambamba ikabaki mitupu mbele ya taifa.

Haikuwa imevimba. Ilikuwa miguu ya kawaida ya mtu mwembamba. Na nyuma ya kisigino cha kushoto palikuwa na lengelenge kubwa, jekundu, bichi, limepasuka pembeni.

Kila mtu Sambamba anajua kusoma malengelenge. Lile halikuwa la Ijumaa. Lilikuwa la jana. Na maiti haifanyi lengelenge. Aliyelala pale alikuwa ametembezwa ndani ya buti zile, azilainishe kwanza, siku nzima baada ya kufa kwake kutangazwa.

Watu walipita, wakaona, wakagusa, wakashika njia ya nyumbani.

*

Siwema hakukamatwa. Angekamatwaje, wakati kosa lake lilikwisha kuwa mila, na mke wa Mtukufu amelifanya mbele ya kamera? Aliachwa arudi nyumbani kwake, akae.

Jioni ile watu walikuja. Hawakuitwa, na hakuna aliyetangaza msiba katika nyumba hiyo. Walileta sukari, walileta mchele, walivua viatu vyao vipana mlangoni na kukaa kwenye mkeka. "Pole kwa msiba wa taifa," waliambiana kwa sauti, hasa waliokuwa karibu na dirisha. Kisha wakamwendea Siwema mmoja mmoja wakamshika mikono yote miwili, na taifa hawakulitaja tena. Tausi alikaanga bagia. Ziliungua, na wote walizila.

Mazishi yakapita. Wapimaji wakarudi mitaani na vibao vyao, kumtafutia Mtukufu mpya mguu pacha. Upana ukatangazwa upya, mwembamba. Tausi akaanza kuuza samaki akiwa amekaa, maana kusimama hakuwezi tena.

Siku moja Bwana Masudi akaingia. Hakwenda kwenye mto wake. Alisimama mlangoni, rangi imemtoka, akitazama viatu alivyovaa: vipya, vyeusi, vyembamba, ngozi ya daraja la Ikulu.

Nyumba nzima ikageukia viatu vile.

"Dada Siwema," akasema. "Dada, wamenipima juzi. Wanasema… wanasema ni kidole kwa kidole."

Siwema akajifuta unga mikononi. Akaja, akainama mbele yake mbele ya watu wote, akabonyeza mbele kwa kidole gumba, akafinya juu, akapeleka kidole cha shahada nyuma ya kisigino.

"Vinakukaa," akasema.

"Nifanyeje, dada?"

"Kaa ule. Na uongee, Masudi. Ongea juu ya viatu kutwa kucha, vitukane, visifu, upendavyo. Ila usinyamaze. Wewe mwenyewe unajua mwenye kunyamaza anavyosikika mbali."

Masudi akakaa. Akachukua bagia, akaanza kuongea juu ya viatu, haraka haraka, bila kituo, na wageni wakacheka palipostahili na pasipostahili. Siwema akarudi jikoni kwake. Kutoka hapo aliweza kuwaona wote, hata yule mgeni wa kona ya nyuma, aliyekuwa ameingia wiki hiyo hiyo, anayekula bagia za watu wawili, na ambaye hakuwa anacheka.

Akamtumia mto.